Mbona Unaua Tangu Asubuhi?

Mzee aliyenifungulia mlango wa Kiebrania alikuwa mpishi wa chuo, na Kiebrania chenyewe hakukijua.

Ilikuwa mwaka 1970, Chuo cha Theolojia Makumira, chini ya Mlima Meru. Asubuhi hiyo nilikaa nyuma ya jiko, panapopata jua mapema, daftari magotini, nikikariri kwa sauti: katal, katla, katalta, katalt, katalti. Aliua yeye mwanamume, aliua yeye mwanamke, uliua wewe mwanamume, uliua wewe mwanamke, niliua mimi. Sarufi za Kiebrania zilizofuata desturi ya wataalamu wa Ulaya zilikuwa zimelichagua neno hilo la kuua liwe kielelezo cha vitenzi vyote. Sababu ilikuwa ya kifundi tu: herufi zake tatu ni tulivu, hazigeuki sauti kokote ziendako. Basi vijana wanaosomea uchungaji, kizazi baada ya kizazi, walianza safari ya Agano la Kale kwa kuua katika nafsi zote.

Mzee alikuwa anapeta mchele. Alinisikiliza kitambo, ungo ukipanda na kushuka, kisha akasema bila kuinua macho:

"Mwanangu, mbona unaua tangu asubuhi?"

Nilishtuka. Maana ya neno lile sikuwa nimemwambia mtu. Mzee alikuwa Mwislamu wa Pangani, na ujanani alisoma chuoni kwao, msahafu kwanza, kisha nahau kidogo, kabla kazi haijamleta bara. Akaweka ungo chini. "Katala, katalat, katalta," akasema, na ile herufi ya kwanza akaitoa ndani kabisa ya koo, mahali ambapo mimi sikujua kuwa pana sauti. "Hicho chako ni Kiarabu kilichovunjika mguu. Kwani neno katili hulijui?"

Nililijua, nani asiyelijua? Ila sikuwahi kuliuliza limetoka wapi.

Nilirudi chumbani nikapiga mistari daftarini, nikapata safu tatu: ya kulia Kiebrania, ya kati Kiarabu cha mzee, ya kushoto Kiswahili. Damu ilikuwa dam. Nafsi ilikuwa nefesh, roho ikawa ruah, mauti ikawa mavet, na aliye hai ni hai vilevile. Lisani ya washairi ilikuwa lashon. Wiki moja kabla nilikuwa nimeanguka jaribio la hesabu za Kiebrania. Sasa nikaziandika upya na kucheka peke yangu. Esrim, ishirini. Shloshim, thelathini. Arbaim, arobaini. Hamishim, hamsini. Shishim, shivim, shmonim, tishim: sitini, sabini, themanini, tisini. Mea ni mia, elef ni elfu. Nilikuwa nimehesabu Kiebrania tangu utoto, dukani kwa mjomba, kila nilipotumwa mafuta ya taa.

Niseme wazi ili nisieleweke vibaya: Kiswahili si mtoto wa Kiebrania. Mifupa yake ni ya Kibantu. Kiebrania na Kiarabu ndio ndugu wa tumbo moja, na Kiarabu kiliacha maneno mengi pwani kwetu kwa njia ya biashara, dini na ujirani wa karne nyingi. Tulichonacho ni urithi uliopitia kwa mama mdogo. Wala si sura zote zinazofanana zina maana moja. Neno mila, ambalo kwetu ni desturi za wazee, kwao ni neno lolote lile, na pia ni tohara. Niliwahi kuandika sentensi nikikusudia mila za Wapare, ikasomeka kama tangazo la jando.

Kulikuwa na jambo jingine katika daftari lile, na hilo ninalisema sasa kwa kuwa nimezeeka. Sisi Walutheri wa Upareni tulikulia Kiswahili cha shule na cha kanisa, na maneno tuliyoyahisi kuwa ya msikitini tuliyatazama kwa jicho la pembeni. Sekondari nilikuwa najivunia kulikwepa neno kiyama. Niliandika "siku ya hukumu", nikaona nimeandika Kikristo. Sikujua kwamba hukumu nayo ilishuka kutoka jahazi lilelile. Sasa nikagundua kwamba maneno niliyoyaona ya wengine ndiyo yaliyokuwa yamekaa karibu zaidi na kitabu nilichokuja kukisoma.

Mwalimu wetu wa Kiebrania, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa mjuzi na mpole, lakini herufi ya ayini ilikuwa imemshinda. Alituambia ni sauti ya zamani, tuiruke tu. Mzee hakuiruka. Jioni, sufuria zikishaoshwa, alinikalisha na kuanza alifu kwa ujiti, akanionyesha ayini inavyobanwa kooni. Siku moja nilimweleza kwamba herufi ya pili ya Kiebrania, bet, maana yake nyumba, na kwamba nyumba kwa Kiebrania ni bayit, neno ambalo pia hutumika kwa sehemu ya shairi. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jina la mtaa wake mwenyewe. "Beti," akasema. "Kumbe mlikuwa hamjui kwamba mnaimba majumba?"

Nusu ya pili ya msaada niliipata kwa mama, katika mifupa ileile ya Kibantu. Wanafunzi wengi duniani huteswa na jinsi mzizi mmoja wa Kiebrania unavyovaa nguo tofauti. Mimi niliyakuta hayo nyumbani. Katav ni aliandika. Nikhtav, iliandikwa. Hikhtiv, alimwandikisha mtu, yaani alimsomea imla. Hitkatev, aliandikiana na mwenzake. Andika, andikwa, andikisha, andikiana: mtoto wa darasa la pili anazicheza hizo bila kujua kuwa ni sarufi. Hata lile jambo la kumweka mtendwa ndani ya kitenzi halikunitisha. Shmartikha, neno moja, maana yake nilikulinda, nalo ni neno moja.

*

Julai 1973 kanisa lilinipeleka Jerusalem kwa mwaka mmoja, nianze na kozi ya lugha ya kiangazi katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, kisha niingie masomo ya Biblia. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1925 juu ya Mlima Scopus. Kozi yetu waliiita ulpan, jina la mfumo ulioanza 1949 kwa ajili ya wahamiaji waliomiminika katika nchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja. Kanuni yake ni moja: Kiebrania kwa Kiebrania. Mwalimu aliingia, akafunga mlango, na tangu hapo hakuna neno la lugha nyingine lililotoka kinywani mwake. Kushoto kwangu alikaa mhandisi aliyetoka Urusi, kulia msichana wa Argentina, nyuma yangu Wamarekani watatu waliolalamika kutwa kwamba Kiebrania kina jinsia mbili, ya kike na ya kiume. Niliwaza ngeli zetu nikanyamaza.

Nilifika nikiamini kwamba najua Kiebrania. Nilikuwa nimesoma Mwanzo, Ruthu, Yona na sehemu za Isaya. Wiki ya kwanza nikaenda soko la Mahane Yehuda kununua nyanya, na hapo nikagundua kwamba katika Biblia nzima hakuna nyanya. Haingeweza kuwamo: asili yake ni Amerika, na manabii hawakuiona. Nikamsalimu muuzaji kama tusalimianavyo kwetu, nikamuuliza hali yake, na hali ya nyumba yake, na ya watoto. Alinitazama na mizani mkononi. "Nu?" akasema, yaani haya, sema shida yako. Nikanyoosha kidole nikaomba, kwa Kiebrania cha Kitabu cha Wafalme, nipewe lile tunda jekundu. Akamgeukia jirani yake akapiga kelele: "Njoo umsikie nabii!"

Ndivyo itakavyokuwa mtu akifika Kariakoo na kuuliza bei ya fungu la nyanya kwa lugha ya Al-Inkishafi.

Neno nililolikosa ni agvaniya, na lina kisa chake. Kwa miaka ipatayo 1,700 Kiebrania hakikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote. Kilisomwa, kiliandikwa, kilisaliwa, lakini hapakuwa na mtoto aliyekililia maziwa. Eliezer Ben-Yehuda alifika Jerusalem mwaka 1881 akaapa kwamba nyumbani kwake hakitasikika kingine. Mwanawe, aliyezaliwa 1882, alikuzwa kwa Kiebrania pekee, mama yake akibembeleza kwa lugha aliyokuwa bado anajifunza. Mtoto anataka mwanasesere, anataka baiskeli, na vitabu vitakatifu havina maneno hayo, basi baba akawa anaunda. Neno la kamusi, milon, alilitoa kwenye mila, yaani neno. Lakini agvaniya si lake. Liliundwa na mwenzake kutoka kwenye mzizi wenye maana ya tamaa ya mapenzi, kwa kuwa Ulaya nyanya iliwahi kuitwa tunda la mapenzi. Ben-Yehuda aliliona halina adabu, nyumbani kwake wakatumia badura, la kutoka Kiarabu. Watu wakaamua vingine, wakanunua agvaniya mpaka leo. Nilipowasimulia darasani kwamba sisi nyanya ni tunda na pia ni bibi mzaa mama, mwalimu alicheka hadi akafuta miwani.

Nilikielewa kisa hicho kwa sababu nilitoka nchi iliyokuwa katika kazi ileile. Kamati yao ya lugha ilianza 1890 na mwaka 1953 ikageuzwa kuwa Akademia. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza 1930, na baraza letu la taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria mwaka 1967. Nilikuwa nimewaacha wenzangu nyumbani wakibishana juu ya istilahi za sayansi; nikakuta wengine wanabishana vilevile ndani ya basi, mpaka dereva aongeze sauti ya redio kwa taarifa ya habari na kila mtu anyamaze.

Nilipanga chumba Nahlaot, mitaa ya mawe iliyo nyuma ya soko, kwa bibi wa Kiyahudi aliyetoka Yemen. Nilimwita Savta, bibi, kama wajukuu wake. Alikuwa na ayini. Wale wa asili ya Ulaya, na hata walimu wetu, walikuwa wameipoteza, kama Waswahili tulivyoipoteza tuliposema arobaini na elimu. Lakini Savta aliitoa kama yule mzee wa Pangani. Siku ya kwanza kumsikia akiwaita paka waje kula, nilisimama mlangoni na begi langu nikakumbuka jiko la Makumira.

Saa ndizo zilizotufanya tuwe ndugu. Nilimweleza kwamba kwetu jua likichomoza tunaanza kuhesabu, na adhuhuri ni saa sita. Alishangaa kwamba mimi nashangaa. Marabi, akasema, huhesabu saa za sala hivyohivyo, tangu jua litoke. Nikaongeza kwamba kwa watu wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, kwa kuwa siku huingia magharibi. Akaniangalia kwa mashaka. "Una hakika ninyi si Wayahudi?" Sabato yake nayo iliingia Ijumaa jioni, mishumaa ikiwashwa kabla jua halijazama.

*

Ijumaa ya tarehe 5 Oktoba Savta alinilisha mapema, kuku na mkate, kwa kuwa jua likizama inaingia Yom Kippur. Biblia yetu inaiita Siku ya Upatanisho, lakini katika daftari langu niliiandika kwa maneno mengine: yom ni yaumu ya washairi wetu, na kippur ni ndugu wa kafara. Nilimwambia nitafunga naye. Kufunga kwenyewe wanaita tsom. Nikaandika katika safu ya kushoto: saumu.

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa imeingia mwishoni mwa Septemba. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimesikia mzinga wa futari kutoka upande wa mashariki wa mji, na muuzaji wa mikate ya ufuta karibu na Lango la Damascus alikuwa ameniuzia huku midomo yake imekauka. Basi Jumamosi ile, tarehe 6, mji mzima ulikuwa na njaa. Huku tsom, kule saumu. Hapakuwa na gari barabarani wala redio hewani. Wanaume walitembea kwenda sinagogi wamevaa nguo nyeupe na viatu vya kitambaa, kwa maana ya ngozi havivaliwi siku hiyo.

Saa nane mchana ving'ora vikalia.

Nilidhani ni hitilafu. Savta hakudhani. Alikuwa amekaa kitandani na kitabu cha sala. Alikifunga, akakibusu, akaenda kufungua redio, jambo ambalo asingelifanya siku hiyo kwa dhahabu ya dunia. Misri na Siria walikuwa wameanza mashambulizi kwa pamoja, kwenye Mfereji wa Suez na milima ya Golan. Baada ya muda magari yakaanza kupita kwa kasi katika barabara ambayo asubuhi watoto walikuwa wakicheza katikati yake. Mwanawe mdogo akaingia kutoka sinagogi, shali ya sala bado mabegani. Alikuwa askari wa akiba.

Hapo nikaona jambo ambalo hakuna mhadhara ungenifundisha. Savta, ambaye midomo yake haikuwa imegusa maji tangu jana, alimimina maji katika bilauri akampa mwanawe. Akakata mkate, akapaka mafuta, akausimamia mpaka ulipokwisha. Yeye mwenyewe hakunywa. Sheria yao inasema kuokoa nafsi kunashinda karibu amri zote. Pikuah nefesh, wanaita. Neno nefesh nilikuwa nimelikariri mara mia. Siku hiyo lilikuwa kijana anayetafuna mkate haraka huku akifunga kamba za buti.

Jioni, taa zote zimezimwa na vioo vya taa za mbele za magari vikipakwa rangi ya bluu, watu wa pande mbili za mji walifungua vinywa vyao karibu kwa wakati mmoja, gizani.

Vita vilidumu hadi wiki ya mwisho ya Oktoba. Upande wa Israeli walikufa zaidi ya 2,500, na Misri na Siria walikufa maelfu mengi zaidi ya hao. Ufunguzi wa mwaka wa masomo uliahirishwa, kwa kuwa wanafunzi na walimu walikuwa jangwani. Nilisoma gazeti la Omer, lililochapwa na irabu zake kwa ajili yetu wanafunzi wa lugha, na humo mwezi huohuo nikalikuta jina la nchi yangu kwa herufi za Kiebrania. Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika wiki zile. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imepinga kukaliwa kwa ardhi za Waarabu tangu 1967, na sikuwa na la kubisha. Lakini nilikuwa nimekaa jikoni kwa Savta, naye alikuwa anasubiri barua. Nikamsomea habari ile herufi kwa herufi. Akauliza kama na mimi navunja. Nikasema mimi bado nadaiwa kodi ya Oktoba. Akanimiminia chai.

Mwanawe alirudi sikukuu ya Hanuka kwa siku mbili, amekonda, hasemi. Kijana wa mlango wa tatu hakurudi.

*

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa 1974, mwaka wangu haujatimia. Mzee alikuwa ameacha kazi na kurejea Pangani, basi nikapanda basi la Tanga na daftari langu. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na koo?"

Nikamtolea ayini moja safi ya Nahlaot. Akapiga kofi gotini. Nikamsomea daftari zima, safu kwa safu, naye akasahihisha Kiarabu changu mahali pengi. Tulipofika kwenye saumu nikamsimulia ile Jumamosi: bilauri, mkate, kamba za buti, na kule upande wa pili mzinga na muuzaji wa mikate. Alikaa kimya muda mrefu. Maji ya mto yalikuwa yanarudi na bahari.

"Na lile neno lako la asubuhi," akasema mwishowe, "huko walilitumia?"

Nikafikiri. Katal ni neno adimu, katika Biblia nzima halifiki hata mara tano. La kawaida la kuua ni lingine. Hata hilo jingine redio haikulitumia kwa askari wao. "Hapana, Mzee. Walisema naflu. Wameanguka."

"Hata sisi tungesema hivyo," akajibu. "Lugha nayo huona haya."

Uhusiano wa Tanzania na Israeli ulirudi mwaka 1995, na Mzee alikuwa ametangulia siku nyingi. Mimi nilifundisha Kiebrania kwa zaidi ya miaka 30, kwa vijana wa bara na wa pwani. Darasani kwangu hakuna aliyeanza na katal. Walianza na katav, kuandika. Ni kitenzi kisumbufu kwa mwanafunzi mpya: b yake huwa v, k yake hugeuka kh kikipata kiambishi, na kila mwaka walilalamika kwamba vitabu vina kitenzi rahisi zaidi, hakibadiliki, kwa nini tunateseka. Niliwaambia kwamba kile rahisi watakikuta mbele, hakina haraka.

Kisha nikawatoa nje wakariri kwa sauti, nyuma ya jiko, panapopata jua mapema.